Nyumba Huhesabiwa, Watoto Hapana

Mzee Theuri alirudi kutoka ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, na jibu baya, na kwa vile hakuwa mtu wa kuharakisha jambo baya, aliomba uji kwanza. Alikunywa kikombe kizima, akapangusa masharubu, akatazama nje mvua iliyokuwa ikishuka kutoka Nyandarua. Watu wa boma lake walikaa wakimtazama koo likipanda na kushuka.

"Wamekataa," alisema hatimaye.

"Wamekataa nini?" aliuliza Waithira, mke wake wa kwanza.

"Wamekataa vile nimegawanya."

Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Shamba lenyewe lilikuwa ekari kumi na mbili nje kidogo ya Mweiga, kipande cha shamba la Mzungu mmoja aliyeuza akaenda zake baada ya Uhuru. Theuri alikuwa amemaliza kulipa mkopo wa serikali, kifua kilikuwa kinamsumbua kila msimu wa baridi, na alitaka kila mtu ashike hati yake yeye akiwa bado anapumua. Aliwahi kuona mazishi yaliyogeuka vita kabla ya maiti kufunikwa. Yeye hakuyataka hayo, na ni nani angeyataka?

Basi aligawanya kama baba yake alivyogawanya. Shamba hugawiwa nyumba, na nyumba ni mama. Alikuwa na nyumba mbili, ya Waithira na ya Warigia. Kumi na mbili kwa mbili ni sita. Nyumba ya Waithira ilikuwa na Mathenge peke yake, kwa hivyo ekari sita zote zilikuwa zake. Nyumba ya Warigia ilikuwa na Moffat, na Kingori, na Murugi, kwa hivyo sita zile zilikatwa mbili, mbili, mbili. Hesabu safi kabisa. Hata fundi wa cherehani asingekata vizuri zaidi.

"D.O. anasema kipande kikiwa chini ya ekari mbili na nusu, bodi ya ardhi haipitishi," Theuri alisema. "Ati ekari mbili haiwezi kulisha mtu na ng'ombe wake. Ati tutamaliza nchi kwa kuikata kama mkate."

"Sasa?" Warigia aliuliza.

"Sasa hizo sita za kwako zitoe vipande viwili. Tatu na tatu. Bodi inakaa tena Alhamisi ijayo, na baada ya hapo ni mpaka mwaka ujao."

Vipande vilikuwa viwili, na majina ya nyumba ile umeyasikia. Murugi ndiye aliyekuwa amesimama na upawa akigawa uji. Aliuweka chini polepole juu ya kifuniko cha sufuria, akajifuta mikono kwenye leso ingawa mikono ilikuwa mikavu.

Murugi alikuwa amerudi kutoka Murang'a na mtoto mgongoni, msichana aitwaye Wangechi. Mumewe alikuwa mtu wa mkono, wa kupiga. Wazee walikuwa wamekaa, mbuzi wa mahari wakarudishwa, na baada ya hapo mila inasema binti ni mtoto wa kwao tena, na ana fungu katika nyumba ya mama yake. Theuri mwenyewe ndiye aliyelisema hilo mbele ya watu. Nataka lieleweke, maana kuna wasomaji wanaopenda baba katili. Theuri hakuwa katili. Alikuwa na njia moja tu ya kugawanya, na njia hiyo ilikuwa imefika ukingoni.

"Hutakosa pahali," alimwambia bintiye bila kumtazama. "Kingori atakuachia pahali pa kujenga. Hapo chini, karibu na boma la ng'ombe."

Kingori mwenyewe alikuwa Nanyuki, kazini kwenye kiwanda cha mbao. Lakini mkewe alikuwa hapo, na mara alishikwa na kikohozi kirefu, kikohozi cha mtu mzima asiye na homa wala kamasi.

"Karibu na boma la ng'ombe kunatota," alisema alipomaliza. "Na choo atachimba wapi? Si maji yatakuja kwangu?"

"Asante, Baba," alisema Murugi, akachukua sufuria akaenda kuiosha.

*

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Moffat aliwaita wote mbele ya ghala. Moffat alikuwa kifungua mimba wa Warigia, mwalimu wa shule ya msingi. Jina lake la nyumbani pia lilikuwa Mathenge, maana kila nyumba humzaa babu upya kwa kijana wa kwanza na nyanya kwa msichana wa kwanza. Lakini Mathenge wawili katika boma moja ni fujo, basi huyu aliitwa Moffat tu. Siku hizo hesabu mpya zilikuwa zimeletwa mashuleni katika vitabu vinene. Moffat alikuwa amezisomea likizo nzima, na alikuwa nazo kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto. Ilibidi azitoe mahali.

Alichora kwa chaki kwenye mlango wa ghala.

"Baba, shida si shamba. Shida ni kitu gani kinaanza," alisema. "Ukijumlisha, haina neno. Mbili na tatu, tatu na mbili, jibu ni lile lile. Kuzidisha pia. Lakini kugawanya kukichanganyika na kujumlisha, lazima ujue kipi kinatangulia. Hapo tunaweka mabano. Mabano ni kama ua wa boma, kilicho ndani ya ua kinashughulikiwa kwanza."

"Sasa umeweka ua kwa mlango wangu," alisema Theuri.

"Ni mfano, Baba. Wewe umeweka mabano kwa nyumba. Umegawa kwa nyumba kwanza, halafu ndani ya nyumba ukagawa tena. Lakini mtu akitoa hayo mabano, akajumlisha watoto kwanza ndiyo agawanye, kila mtu anapata ekari tatu. Hakuna kipande bodi itakataa. Murugi anabaki. Tazama."

Alichota waru kutoka kwa gunia. Kiazi kimoja akakiweka upande wa kushoto, vingine akaviweka kulia, halafu kwa mikono yote miwili akavisukuma pamoja katikati, akaanza kugusa kimoja kimoja kwa kidole.

"Moja, mbili, ta..."

"Wacha!"

Waithira alikuwa ameshasimama. Aliufagia ule mpango wote kwa mguu, waru yakabingirika mpaka kwa kuku. Kisha akafungua kola ya gauni lake la kanisani na kujitemea mate kidogo kifuani, kama mama zetu wanavyofanya kuondoa mkosi.

"Watoto wa watu unawalaza chini kama waru!" alisema. "Unawagusa kwa kidole! Nani alikufundisha?"

"Maitu, mama yangu, ni viazi."

"Nimeona ni viazi. Mimi si kipofu. Nimeona pia kile ulikuwa unasema."

Kama hujalelewa huko utashangaa. Mtu wa kwetu humuulizi ana watoto wangapi, wala mbuzi wangapi. Ukimuuliza atakwambia wako, Mungu ameleta, halafu atakuuliza habari ya mvua. Aliyehesabiwa ameonyeshwa kwa kidole, na kilichoonyeshwa kwa kidole huonekana na kila kitu kinachopita, hata kisicho na macho.

Theuri alikuwa akicheka kwa pumzi ya kifua kibovu. "Mwalimu," alisema, "wewe unadhani wazee hawakujua kujumlisha? Mabinti wa Mumbi, mama wa koo zetu zote, walikuwa wangapi?"

"Tisa."

"Tisa na kujaa. Mpaka leo tunasema tisa na kujaa, na kila mtu anajua koo zinapita tisa. Waligawa kwa nyumba ili mtu asihesabu watoto. Nyumba huhesabiwa, watoto hapana. Hayo mabano yako waliyaweka wao, na waliyaweka kwa sababu."

"Lakini Baba, Murugi..."

"Ngoja kwanza," alisema Mathenge, ambaye mpaka hapo alikuwa ameegemea nguzo akichokonoa meno. Mathenge wa Waithira alikuwa mtu mpana wa maneno machache. "Moffat, kwa hesabu yako mpya wewe unapata ngapi?"

"Tatu."

"Na kwa ile ya Baba?"

Moffat aliipapasa chaki yake. "Tatu."

"Ee. Na Kingori hivyo hivyo. Ndiyo maana unafundisha bila jasho. Ni mimi natoka kwa sita nabaki na tatu, na wewe unabaki na chaki."

Watu walicheka, hata Warigia alicheka kabla hajakumbuka anayechekwa ni mwanawe. Moffat alifuta mlango kwa mkono wa koti lake zuri, akasema ana madaftari ya kusahihisha. Alikuwa na hesabu sahihi na moyo mzuri wa kutosha, lakini alikuwa ameshiba tatu zake, na mwenye shibe hata akimtetea mwenye njaa huchoka mapema. Murugi aliokota waru moja baada ya jingine akayarudisha guniani, maana hicho kilikuwa chakula cha jioni.

*

Kesho yake asubuhi Murugi alimkuta Mathenge akibeba maziwa kuyapeleka barabarani kwa lori la krimari, kiwanda kinachonunua maziwa. Alishika mpini wa upande wa pili wa debe bila kuulizwa, wakatembea hivyo, debe katikati yao.

"Mathenge, mimi sitaki kukunyang'anya."

"Najua."

"Lakini nataka unielewe."

Mathenge aliliinua debe kidogo wapite dimbwi. "Wewe pia unielewe," alisema. "Watu wanasema Mathenge ana sita, Mathenge ana tamaa. Nimekata nguzo za ua, ndiyo. Nimeongea na mtu wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, ndiyo. Lakini hiyo sita mimi sioni kama ni yangu. Ni ya nyumba ya mama. Wale ndugu zangu wengine wangekuwa hai tungeikata, hata ningebaki na tuta moja la vitunguu, na nisingesema kitu. Hawako. Sasa kwa sababu walikufa, fungu lao liende nyumba nyingine? Wafe mara mbili?"

Murugi alikuwa hajawahi kumsikia akiwataja hao waliokufa. Hakuna aliyewataja pale bomani.

"Kweli, hao wana haki yao," alisema. "Lakini mimi niko hai, Mathenge. Na Wangechi yuko hai."

"Kingori atakupa pahali."

"Ulimsikia mke wa Kingori. Na Kingori akifa? Na kijana wake akitaka kujenga hapo? Nitakuwa mgeni mpaka nizeeke." Debe lilikuwa linamkata vidole, akabadilisha mkono. "Nimeshafikiria. Bodi ikipitisha hiyo ya tatu na tatu, nitarudi Murang'a."

"Kwa yule mtu?"

"Kule ni kwa mtu, lakini angalau kuna pahali naweza sema ni jikoni kwangu."

Mathenge alilitazama lile kovu la shingo ambalo leso haikulifunika vizuri, akageuza uso. Ndiye aliyetumwa Murang'a kumchukua siku ile, na ndiye aliyemtoa mlangoni kwa mume. Lori lilikuwa limefika. Alimimina maziwa yake, akapewa karatasi yake, akalibeba debe tupu peke yake kurudi.

*

Jumatano mchana Warigia alivuka ua na kuingia nyumbani kwa mke mwenzake. Si jambo dogo hilo. Walikuwa wakisalimiana vizuri, wakiazimana chumvi na moto, lakini kila mmoja aliishia mlangoni kwa mwenzake. Alikuwa ameleta sukari ndani ya karatasi, robo kilo.

"Keti, Mama Moffat," alisema Waithira, akamsogezea kiti kidogo. Alikuwa akimenya viazi, na hakuacha. Wakaongea juu ya mvua. Wakaongea juu ya baridi iliyoharibu viazi vya jirani. Sukari ilikaa katikati yao kama mgeni ambaye hajatambulishwa.

"Nimekuja," alisema Warigia mwishowe.

"Nimeona umekuja."

"Murugi amefunga nguo zake."

Kisu cha Waithira kilisimama. "Za kwenda wapi?"

"Kwa yule mtu. Anasema Ijumaa, bodi ikishamaliza. Mama Mathenge, atamuua huyo. Mara ile alimkosa tu."

Waithira alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akachukua kingine, akakigeuzageuza bila kukimenya. "Unataka nimwambie mzee ahesabu."

"Sijasema hivyo."

"Unataka nini?"

"Sijui," alisema Warigia, na sauti yake ilikatika. "Nimeleta sukari tu."

Hapo wote wawili walicheka kidogo, kicheko cha wanawake waliochoka. Kisha Warigia alilia, na Waithira alimwacha alie. Alipoanza kuongea alikuwa akiongea na viazi.

"Wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu walipotufungia kule kijijini, wewe ulikuwa na miaka michache tu katika boma hili. Unakumbuka kila jioni walitupanga mstari? Yule kijana wa bunduki alikuwa anapita na fimbo, akigusa kila kichwa. Wakubwa, wadogo. Alikuwa anawagusa wangu kila jioni, na mimi nimesimama. Nilimwambia mzee, hawa watoto wameonwa. Mvua moja tu ilinyesha, na ilipoisha nilikuwa nimebaki na Mathenge."

"Ilikuwa njaa, Mama Mathenge. Na ile homa ya tumbo. Kila nyumba iliguswa."

"Najua. Kichwa kinajua." Alijigonga kifuani. "Hapa hapajui."

Moto ulihitaji kuni, Warigia akaongeza yeye, kama aliye kwake.

"Wangu pia aliitwa Murugi," alisema Waithira. "Nyanya yao alikuwa mmoja, wangeitwaje tena? Wako alipozaliwa ukaanza kumwita uani, Murugi, Murugi, mimi nilikuwa naingia ndani naziba masikio. Mungu anisamehe, nilikuchukia. Nilikuwa naona unanifanyia makusudi."

"Ningemwita jina gani lingine?"

"Hakuna. Najua hakuna. Halafu nikazoea. Halafu akaolewa, na boma likakaa kimya, na hapo ndipo nilijua nilikuwa nimengoja kila siku nisikie akiitwa." Alitupa kiazi ndani ya sufuria kikiwa na nusu ya ganda lake. "Nenda umwambie afungue hizo nguo. Sijui nitafanya nini. Lakini afungue."

*

Bodi ilikaa katika ukumbi wa ofisi, meza moja mbele na mabenchi mpaka mlangoni. D.O. alikuwa kijana wa kutoka mbali, mwenye suti na adabu, na aliita kila mzee "mzee wangu". Kando yake alikaa karani na faili. Boma la Theuri lilijaza benchi nzima: yeye, wake zake, Mathenge, Moffat, Kingori aliyefika asubuhi kutoka Nanyuki na vumbi la mbao kwenye kola, na Murugi mwishoni kabisa na Wangechi mapajani.

"Mathenge Theuri, ekari sita," karani alisoma. "Moffat Theuri, tatu. Kingori Theuri, tatu."

"Hii sasa imekaa sawa," alisema D.O. "Kuna mtu ana pingamizi?"

Waliokuwa mabenchi ya nyuma walikuwa na kesi zao, hawakusikiliza. Murugi alimkabidhi mama yake mtoto, akasimama.

"Mimi pia ni mtoto," alisema.

Sasa walisikiliza. Shingo ziligeuka. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu si alikuwa ameolewa?" na mwingine akamjibu, "Alirudishwa." Murugi aliyasikia yote mawili na akabaki amesimama.

"Mzee wangu," D.O. aliuliza, "huyu ni mtoto yako?"

"Ni yangu," Theuri alisema. "Mbuzi ya watu ilirudi. Ni yangu kabisa."

"Mbona haiko kwa faili?"

"Nyumba yake ilikosa ekari. Nyumba ni mbili. Hii sita, hii sita. Wewe ulisema mbili ni kidogo."

D.O. alitazama karatasi, akapiga hesabu yake kwa kalamu pembeni. "Mimi sikatai nyumba, mzee. Ukitaka kwa nyumba, inabaki vile karani amesoma, na huyu dada hana kitu. Ukitaka kugawa sawa kwa watoto wote, pia naweza pitisha. Chagua. Lakini lazima uniambie. Uko na watoto wangapi?"

"Wako."

"Wangapi?"

"Wako tu. Mungu alileta."

Ukumbi ulicheka. D.O. naye alitabasamu, lakini saa ilikuwa ikienda. "Mzee wangu, mimi siwezi kugawanya kumi na mbili kwa 'wako tu'. Nitaandika nini? Kijana, wewe ni mwalimu, si ndiyo? Sema wewe."

Moffat alisimama. Alilijua jibu kama anavyolijua jina lake, na alikuwa na nia ya kulisema, nitamshuhudia hilo. Lakini baba yake alikuwa ameketi hapo chini yake, na mtoto kumhesabia baba watoto mbele ya umati ni kama kumvua nguo. Alifungua mdomo, akaufunga, akaketi. Kingori alikuwa akitazama kofia yake. Theuri alikuwa ametazama mbele, mzee aliyekwama kati ya binti na mkosi. Asingesema. Hata ungemletea bunduki asingesema.

"Basi inabaki hivyo," alisema D.O. kwa upole, na karani alichovya kalamu.

"Ngojea."

Waithira alikuwa amesimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na sweta lake la kanisani lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kuamriwa, lakini namba zake alizijua. Alikuwa amezisikia kila jioni katika ule mstari, kutoka kwa kijana wa fimbo, na tangu siku hizo zilikuwa hazijapita mdomoni mwake.

"Mzee hapana hesabu," alisema. "Andika ni mimi. Kitu ikikuja, ikuje kwangu."

"Mama Mathenge," Theuri alimwonya kwa sauti ya chini.

Hakumsikia, au alimsikia. Alipita mbele ya benchi na kumwekea mwanawe mkono kichwani, mkono wote, si kidole. "Moja," alisema. Akahamia kwa Moffat. "Mbili." Kingori alivua kofia kabla hajafikiwa, kama yuko kanisani. "Tatu." Alifika mwisho wa benchi, ambapo Murugi alikuwa bado amesimama, ikambidi anyooshe mkono juu ili amfikie. Aliuacha mkono hapo kwa muda mrefu kuliko kwa wengine.

"Nne," alisema.

Wazee wengine walikuwa wametazama sakafu.

"Kumi na mbili kwa nne," alisema D.O. taratibu. "Tatu, tatu, tatu, tatu. Inapita. Lakini wewe wa sita, unapoteza nusu. Unasemaje?"

Mathenge alikuwa akimtazama mama yake. "Mimi ndiye moja hapo," alisema. "Amenihesabu. Nitasema nini?"

"Na mzee?"

"Nyumba kubwa imesema," alisema Theuri, na akajifuta macho waziwazi bila kujali nani anaona.

Karani aliandika. Warigia alikuwa ameficha uso mgongoni kwa mjukuu wake. Murugi alishika ukingo wa benchi ili akae, lakini hakuweza kukaa, kwa sababu Waithira alikuwa bado amesimama pale mbele yake, mkono umeshuka, macho yakitazama mahali pasipo na mtu, kwenye sakafu tupu baada ya benchi kwisha.

"Tano," alisema Waithira.

Mathenge aliinuka, akamshika kiwiko. "Maitu, basi. Imetosha. Keti."

"Niache nimalize." Hakuinua sauti. Aliushusha mkono hadi kimo cha mtoto mdogo, kisha chini kidogo tena. "Sita. Saba."

Karani alikuwa amesimamisha kalamu hewani. "Hao ni nani, mama? Hawako hapa. Niandike nani?"

"Hao usiandike," Waithira alimwambia. "Hao hawataki shamba. Walihesabiwa na watu wa bunduki kila siku. Mimi mama yao sijawahi."